Makerere: Nani Alimfundisha Nani Kuchora?

Katika shule nyingi za Afrika ya Mashariki somo la kuchora ni mtoto wa kambo. Kipindi chake huwekwa alasiri, baada ya hesabu na lugha kumaliza nguvu za watoto. Mwalimu wake aghalabu ni yule aliyekosa vipindi vya kutosha katika somo lake mwenyewe. Mtihani wa mwisho ukikaribia, kipindi hicho ndicho cha kwanza kufutwa, wala hakuna mzazi atakayefunga safari kwenda shuleni kulalamika. Walioko maofisini nao hawana tofauti. Picha ya kupamba ukumbi huagizwa kutoka mbali, na mchoraji wa karibu hukumbukwa siku tatu kabla ya mgeni rasmi kuwasili, aje kuandika maneno ya kumkaribisha juu ya kitambaa.

Dharau hiyo ina historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo inaweza kusomwa katika maisha ya shule moja, yaani Shule ya Sanaa ya Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala. Hiyo ndiyo shule kongwe ya sanaa ya chuo kikuu katika Afrika ya Mashariki. Watanzania walisoma pale na kufundisha pale, na mengi yaliyofikiriwa baadaye Nairobi na Dar es Salaam juu ya kazi ya msanii yalibishaniwa kwanza katika kilima kile. Hata hivyo, shule hiyo inapotajwa, hutajwa kama zawadi ya mama mmoja wa Kiingereza kwa Waafrika. Maelezo hayo si ya uwongo. Ila ni nusu ya habari, na nusu iliyoachwa ndiyo inayomhusu zaidi mwalimu.

Mama huyo ni Margaret Trowell. Alizaliwa mwaka 1904, akasoma uchoraji katika shule ya Slade mjini London, kisha akasomea ualimu wa sanaa mjini humo humo. Mwaka 1929 alifuatana na mumewe, daktari Hugh Trowell, hadi Kenya, na mwaka 1935 wakahamia Uganda, ambako mumewe alifanya kazi katika hospitali ya Mulago. Mwaka 1937 mama huyo akaanza kuwafundisha wanafunzi wachache wa Makerere kuchora, barazani kwake. Makerere yenyewe wakati huo haikuwa chuo kikuu. Ilianzishwa mwaka 1922 kuwa shule ya ufundi, na hadi mwaka 1949 ndipo ilipopata kuungana na Chuo Kikuu cha London na kuanza kutayarisha watu kwa shahada. Basi somo la sanaa lilianza bila shahada na bila jengo. Lilikuwa jambo la baada ya masomo. Mwaka 1939 kazi za wanafunzi hao zilionyeshwa London, katika jumba la Imperial Institute, na tangu hapo ikawa vigumu kwa mtu kusema kwamba yaliyokuwa yakifanyika barazani yalikuwa mchezo.

Njia yake ya kufundisha inafaa ielezwe, kwa kuwa ndiyo kiini cha ubishi wote uliofuata. Mwalimu Trowell hakuweka chungu na ndizi juu ya meza na kuwaambia wanafunzi wavinakili. Aliwasimulia hadithi. Mara ilikuwa hadithi ya Biblia, mara ngano, mara habari ya kijijini. Wanafunzi walisikiliza, wakaijenga picha ndani ya fikra zao, kisha wakachora walichokiona humo. Kanuni za Ulaya za kuonyesha umbali, ambazo humfanya mtu aliye nyuma awe mdogo na barabara ikutane na upeo wa macho, hakuzipa nafasi. Aliamini kwamba Mwafrika anayo macho yake mwenyewe, na kwamba kazi ya mwalimu ni kumlinda asiyapoteze.

Aliamini pia kwamba sanaa ni kitu cha kutumika. Ukuta wa kanisa, kitabu cha shule, chungu na mkeka vilikuwa kwake vya heshima kuliko picha iliyofungwa ndani ya fremu ya dhahabu. Kwa sababu hiyo alikusanya na kuchunguza vyombo vya wananchi wa Uganda, akalitunza jumba la makumbusho la nchi hiyo, na mwaka 1953, pamoja na Klaus Wachsmann aliyekuwa mtaalamu wa ala za muziki, akatoa kitabu kikubwa juu ya ufundi wa makabila ya Uganda. Mwalimu anayedhani kwamba hakuna elimu katika ususi angefanya vyema kukitafuta kitabu hicho. Kikapu kimepimwa na kuelezwa humo kwa uangalifu ule ule ambao mhandisi huutumia kueleza daraja.

Hayo ni ya kusifiwa, na msomaji mwadilifu hatayaficha. Katika miaka ambayo shule nyingi za misioni ziliwafundisha watoto kuyaonea haya mambo ya bibi zao, mwalimu mmoja Mzungu aliketi na kuyaandika. Lakini yako pia ya kushuku.

Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilipita katika Afrika ya Mashariki ikipendekeza elimu iliyosemekana kwamba inamfaa Mwafrika, yaani elimu ya shamba, ya usafi na ya ufundi wa mikono, iliyokaribiana na maisha ya kijiji. Maneno yalikuwa mazuri. Wazazi hata hivyo hawakudanganyika. Waliona kwamba waliokuwa na amri juu yao walikuwa watu wa kalamu, sheria na Kiingereza, na wakauliza kwa nini watoto wao ndio wapewe jembe na patasi. Elimu iliyopunguzwa ili "imfae" mtu ilikuwa, machoni pao, elimu ya kumbakiza alipo. Huo ndio mzizi wa dharau ya kazi za mikono ambayo bado inasumbua shule hadi leo. Si uvivu wa wazazi kama baadhi ya wakaguzi walivyozoea kuandika.

Sasa mwalimu akimwambia mwanafunzi wa Makerere kwamba kanuni fulani ya uchoraji ni ya Kizungu na kwamba yeye haimhitaji, mwanafunzi huyo alikuwa na haki ya kuuliza ni nani aliyeamua. Kinga na kizuizi vinafanana sana kwa mtu aliye ndani. Tena, ulinzi huo ulisimama juu ya wazo la kwamba kuna kitu kimoja kinachoitwa jicho la Mwafrika, ambacho mgeni anaweza kukitambua na kukitunza kwa niaba ya mwenyewe. Wazungu wengi wa siku hizo walikwisha pia kukata shauri kwamba Afrika ya Mashariki haikuwa na uchongaji wa kutajwa mbele ya ule wa Afrika ya Magharibi na Kongo. Wakati huo huo kiti cha enzi cha Kinyamwezi, kilichochongwa kwa umbo la mtu na kuondolewa nchini kabla ya mwaka 1900, kilikuwa kimewekwa katika jumba la makumbusho la Berlin. Kitu hakionekani kwa urahisi nyumbani kikiwa kimekwisha kuchukuliwa.

Lililo muhimu ni hili: wanafunzi hawakubaki pale walipowekwa. Hapo ndipo ilipo nusu ya pili ya habari.

Gregory Maloba alitoka Kenya, akawa miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo wa Trowell na baadaye mwalimu mwenzake. Yeye alikuwa mchongaji. Uganda ilipopata Uhuru mwaka 1962, sanamu kubwa ya Uhuru iliyosimamishwa katikati ya Kampala ilitoka mikononi mwake. Ni umbo la mtu mzima aliyeviringishwa vifungo mwilini, naye amemwinua juu mtoto aliye huru, mikono ya mtoto ikielekea mbinguni. Haikuwa rahisi kwa serikali iliyokuwa inaondoka na ile iliyokuwa inaingia kukubaliana juu ya mengi, lakini sanamu hiyo ilisimama, na inasimama hadi leo, na picha yake hubebwa na kila Mganda anayetaka kuonyesha mji wake. Katika miaka hiyo ya 1960 Maloba alihamia Nairobi na kuendelea kufundisha huko. Fikra ya kwamba Afrika ya Mashariki haina uchongaji ilijibiwa na mtu aliyelelewa na wenye fikra hiyo.

Sam Ntiro alitoka Kilimanjaro. Alizaliwa mwaka 1923, akaingia Makerere katika miaka ya 1940, akamaliza na kuanza kufundisha hapo hapo. Kati ya mwaka 1952 na 1955 akapelekwa kusoma Slade, shule ile ile aliyosoma mwalimu wake. Hilo ni jaribio ambalo mtu asingeweza kulipanga vizuri zaidi. Huyu hapa mwanafunzi aliyekingwa na kanuni za Ulaya, sasa ametiwa katikati ya Ulaya, miongoni mwa walimu wanaozijua kanuni hizo kuliko wote. Akarudi akichora alivyokuwa akichora: wanaume wanakata miti, wanawake wanavuna, watu wanajenga barabara kwa pamoja, migomba imejipanga mstari kwa mstari hadi juu ya picha, na mtu aliye mbali hapungukiwi na heshima kwa sababu ya umbali wake. Picha yake ya mwaka 1956, inayoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku, ilinunuliwa na jumba la sanaa ya kisasa la New York.

Wako waliosema kwamba Ntiro hakuweza kuchora. Hoja hiyo ni dhaifu, maana Slade haikuwa shule ya kumwacha mtu miaka mitatu bila kumwonyesha namna ya kuchora mkono. La maana ni kwamba kabla ya kwenda London njia yake ilikuwa aliyopewa, na baada ya kurudi ilikuwa aliyoichagua. Picha zinaweza kufanana kabisa, na bado tofauti hiyo ni kubwa mno. Mwaka 1961 Tanganyika huru ilimtuma mtu huyo huyo kuwa Balozi wake mjini London, akakaa huko hadi 1964. Ni nadra nchi changa kumpeleka mchoraji kuisemea katika mji mkuu wa waliokuwa wakiitawala, na watumishi wa serikali wanaoona sanaa kuwa kazi ya watu waliokosa kazi wanaweza kulitafakari jambo hilo kwa muda wao.

Elimo Njau naye alitoka Kilimanjaro, Marangu, mdogo wa Ntiro kwa karibu miaka kumi. Mwaka 1959 alipewa kuta tano za kanisa la Anglikana la Murang'a, Kenya, lililojengwa kuwa kumbukumbu ya Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Njau akachora maisha ya Yesu kutoka kuzaliwa hadi kusulubiwa, na Yesu huyo ni mtu mweusi, na vilima vinavyomzunguka ni vilima vya Wakikuyu. Ikumbukwe ni mwaka gani huo. Hali ya hatari ilikuwa bado haijaondolewa nchini Kenya, vizuizi vilikuwa bado vina watu, na ndani ya nyumba ya ibada mateso ya Mwana wa Mungu yanatazamwa na wanakijiji wenye ngozi na mavazi ya watu wale wale waliokuwa wakiteswa nje. Mwalimu Trowell alitaka sanaa itumikie kanisa. Mwanafunzi wa shule yake alitii, na utii wake ukasema zaidi ya ulivyotarajiwa.

Mwaka 1965 Njau na wenzake walifungua jumba la sanaa mjini Nairobi wakaliita Paa ya Paa. Mgeni huambiwa kwamba maana yake ni swala anayeruka. Mwenye Kiswahili husikia pia paa la nyumba, na kupaa, na hucheka kidogo. Fundisho kubwa la Njau kwa vijana lilikuwa kwamba wasiige, kwani kuiga ni kumlaza usingizi Mungu aliye ndani ya mtu. Hakuwakataza kuiga Wazungu tu. Aliwakataza kujiiga wenyewe kwa ajili ya mtalii, na hilo ndilo gumu zaidi, kwa kuwa mtalii hulipa papo hapo.

Mwaka 1958 Trowell aliondoka, na shule ikaja mikononi mwa Cecil Todd, mtu wa Afrika Kusini. Todd aliona kwamba ulinzi umekwisha kazi yake. Akaingiza nadharia ya rangi, uchunguzi wa mwili wa binadamu, kuchora kitu kilicho mbele ya macho, na historia ya sanaa ya Ulaya tangu zamani hadi sasa. Mafundisho yakapangika. Wakati wake ndipo chapa, ufinyanzi na uchongaji vilipopewa uzito, na walimu wa kila asili wakakutana hapo, akiwemo Jonathan Kingdon, mzaliwa wa Tabora, ambaye baadaye alijulikana ulimwenguni kwa vitabu vyake vya wanyama wa Afrika ya Mashariki, vyenye michoro aliyoifanya kwa mkono wake. Kipindi hicho hicho kilikuwa kipindi cha Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, kilichozinduliwa mwaka 1963 na Mwalimu Nyerere akiwa Mkuu wake, ambapo Makerere, Nairobi na Dar es Salaam zilikuwa chuo kimoja. Kijana wa Pare au wa Unguja aliyetaka kusoma sanaa alikwenda Kampala kama anayekwenda nyumbani.

Wengi hupenda kuwapambanisha Trowell na Todd: mmoja mlinzi wa Uafrika, mwingine mletaji wa Uzungu; au, kwa wapendao kinyume, mmoja mwenye kuwadunisha Waafrika, mwingine mwenye kuwapa elimu kamili. Ubishi huo umechosha. Wote wawili walikuwa na kosa moja, nalo ni kudhani kwamba mwalimu ndiye anayejua mwanafunzi ni nani. Trowell alimwona Mwafrika ambaye lazima asiguswe. Todd alimwona mwanafunzi wa sanaa wa mahali popote, ambaye lazima apitishwe njia ile ile waliyopita wote, na historia ambayo sura zake zote nzito zilitokea Ulaya. Kati ya hao wawili, Todd ndiye aliyempa mwanafunzi vyombo vingi zaidi vya kumpinga mwalimu, na kwa hilo apewe haki yake. Mwalimu mwenye kumnyima mwanafunzi chombo kwa kuhofia kwamba kitamharibu hujenga utegemezi, hata awe na mapenzi kiasi gani.

Kisha likaja jambo ambalo halikuwemo katika muhtasari wa yeyote. Januari 1971 Idi Amin alipindua serikali ya Uganda. Mwaka uliotangulia Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki kilikuwa kimekwisha vunjika, na kila nchi ikabaki na chuo chake. Mwaka 1972 Waasia walifukuzwa. Mwaka huo huo Makamu Mkuu wa Makerere, Frank Kalimuzo, alichukuliwa na watu wa serikali na hakuonekana tena. Walimu wa kigeni waliondoka, na Waganda wengi waliokuwa na pa kukimbilia wakakimbia. Rangi za mafuta, turubai na karatasi nzuri zilikuwa zikitoka ng'ambo, sasa hazikuja. Shule ya sanaa haikufungwa. Wachache waliobaki waliendelea kufundisha kwa kilichopatikana, na kilichopatikana kilikuwa kando ya nyumba: mbao, udongo, nyuzi, vyuma chakavu, na nguo ya magome ya mti wa mutuba, ile ambayo Waganda wameigonga kwa nyundo za mbao tangu zamani za wafalme wao.

Si vizuri kuisifu dhiki. Watu walikufa, na hakuna kazi ya sanaa inayofidia mauti ya mtu. Lakini mwalimu anaweza kujifunza jambo hapo. Nguo ya magome ilikuwa imeelezwa kwa heshima zote katika vitabu vya Trowell, kama kitu cha makumbusho. Wasanii wa Makerere wa baadaye waliitumia kama turubai, wakaitia rangi, wakaichana na kuishona, wakaiingiza katika mabishano ya siku zao. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi wa nguo hiyo kuwa miongoni mwa urithi mkubwa wa binadamu.

Francis Nnaggenda, aliyekuwa amesoma Ujerumani na kufundisha nchi za nje, alirudi Makerere mwishoni mwa miaka ya 1970. Kutoka katika gogo la mti, katika miaka ya 1980, alichonga sanamu ya majeruhi wa vita, mtu mrefu aliyepungukiwa na viungo lakini ambaye hajaanguka. Waganda walioishi miaka ile hawahitaji maelezo mbele yake. Mchongaji huyo alizijua njia za Ulaya vizuri na za kwao vizuri, wala hakuomba ruhusa ya Trowell au ya Todd kuzichanganya.

Leo shule hiyo inabeba jina la Margaret Trowell na inaitwa shule ya sanaa za viwanda na sanaa nzuri. Katika mageuzi ya chuo ya miaka ya karibuni imewekwa pamoja na uhandisi, ubunifu na teknolojia. Wako waliolalamika kwamba sanaa imemezwa na mashine. Malalamiko hayo yana ladha ya watu wanaodhani kwamba picha ya fremu ni ya juu na kitambaa ni cha chini. Taifa linalovaa khanga na vitenge kila siku ya Mungu, na ambalo haliandai wabunifu wa mapambo hayo, litavaa fikra za watu wengine mgongoni. Kiwanda cha nguo bila mbunifu ni mtambo wa kunakili. Kama kuna chuo cha kuchora ambacho kinastahili kukaa jirani na wahandisi, ni hiki kilichozaliwa barazani na mtu aliyeheshimu vikapu.

Kwa Tanzania habari hii haiishii Kampala. Ntiro, baada ya ubalozi, aliongoza shughuli za utamaduni serikalini na baadaye akafundisha sanaa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako Elias Jengo, naye mhitimu wa Makerere, alifanya kazi kubwa ya kuwaandaa walimu wa sanaa kwa miaka mingi. Mbegu ilivuka mpaka. Ilipofika, ilikuta udongo wa namna mbili. Upande mmoja kulikuwa na nia njema: hotuba ya Mwalimu ya Desemba 1962 iliyounda wizara ya utamaduni, na Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 iliyotaka kuondoa utengano wa kichwa na mkono. Upande mwingine kulikuwa na utekelezaji. Katika shule nyingi Elimu ya Kujitegemea iligeuka kuwa jembe, na jembe likageuka kuwa adhabu ya mchelewaji. Mkono ukarudi pale ulipowekwa na wakoloni, mahali pa kumtia mtu adabu. Kuchora, ambako kungeweza kuwa mkono na kichwa kwa wakati mmoja, kukasahauliwa katikati.

Wakati huo huo, nje ya madarasa, sanaa haikungoja. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa kusini asiyekuwa na shule ya sanaa hata ya siku moja, alianza mwaka 1968 kuchora wanyama na ndege kwa rangi za kupakia vyombo juu ya vipande vya mbao nyembamba mjini Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1972, na mtindo wake umelisha familia nyingi tangu hapo. Wapo wanaomtumia Tingatinga kama ushahidi kwamba shule haina kazi katika sanaa. Wanasahau jambo moja: wafuasi wake wengi walijifunza kwa kukaa kando ya aliyetangulia, wakitazama mkono wake, na hiyo ni shule kamili. Walichokosa ni yule mtu wa kuwauliza kwa nini kila twiga afanane na twiga wa jana. Soko haliulizi swali hilo. Kuliuliza ni kazi ya mwalimu.

Mwalimu wa shule ya msingi wa Kahama au Newala hana rangi, hana chumba, na ana watoto wengi kuliko madawati. Ni haki akisema kwamba habari za Slade na New York hazimsaidii. Lakini baraza analo, na hadithi anazo. Darasa la Trowell la mwaka 1937 halikuwa na vitu vingi zaidi ya hivyo, na mkaa, udongo wa rangi na ubao wa sanduku vinapatikana Newala kama vilivyopatikana Kampala ya Amin. Kinachomkwamisha zaidi ni kwamba yeye mwenyewe, akiwa chuo cha ualimu, alifundishwa kuchora ramani na moyo wa binadamu kwa ajili ya masomo mengine, akaambiwa hiyo ndiyo sanaa. Kisha mkaguzi akija hutazama madaftari ya hesabu. Mtoto aliyechora ng'ombe mwenye miguu yote minne upande mmoja huambiwa amekosea, hufutiwa, na huonyeshwa ng'ombe wa kitabuni wa kunakili. Kesho yake hachori tena ng'ombe aliyemwona. Anachora wa kitabuni, na anapewa alama ya vema.

Hapo ndipo mahali pa kuanzia, na hapahitaji bajeti mpya. Mtoto na aachwe kwanza achore alichokiona, kisha aonyeshwe kanuni, zote, za kwao na za ugenini, na aachiwe kuchagua. Wakuu wa vyuo vya ualimu wanaweza kulitia hilo katika mafunzo yao muhula ujao. Maofisa wa elimu wa wilaya wanaweza kuagiza kwamba kipindi cha kuchora kisifutwe kwa ajili ya mtihani, na wakaguzi wakaagizwa kutazama kuta za darasa pamoja na madaftari. Na halmashauri inayojenga zahanati au ofisi ya kata inaweza kutenga ukuta mmoja na kumlipa mwalimu wa sanaa wa pale pale pamoja na wanafunzi wake kuupamba, kabla ya kuagiza kalenda ya kampuni ya simu.

Picha ya Ntiro ya mwaka 1956 iko New York, na wanafunzi wa Machame hawatakwenda kuitazama. Kuta za Elimo Njau ziko karibu zaidi. Kutoka Moshi hadi Murang'a, kupitia Namanga na Nairobi, ni safari ya basi ya siku moja. Shule za Kilimanjaro ambazo kila mwaka huwapeleka wanafunzi wao kuona tembo zingeweza kuibadili safari hiyo mara moja.